Blanketi la Bwana Harusi

Watu wamesema mengi. Wamesema nilimfukuza mkwe wangu kituoni kwa fimbo, wamesema nilimwita mpika uji mbele ya bosi wangu, wamesema nililia barabarani mbele ya wauza matunda. La fimbo ni uongo. Fimbo ile ni ya kupimia gesi, na siwezi kumpigia mtu, kwa sababu ikivunjika hakuna nyingine. Hayo mawili mengine ni kweli, na nitayasimulia mwenyewe kabla hayajatiwa chumvi zaidi.

Kazi yangu ni kutunza baridi. Cheka tu, nimezoea. Kituo chetu ni cha mbegu za madume ya ng'ombe. Mbegu zinatiwa kwenye mirija myembamba kuliko ya kunywea soda, mirija inazamishwa kwenye pipa lenye naitrojeni ya maji, na humo mbegu zinalala miaka na miaka bila kuharibika. Baridi yake si ya kuchezea, nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Zamisha ndizi humo, itoe, utapigilia msumari nayo. Nyuma ya jengo kuna tangi kubwa la hiyo naitrojeni, ambayo sisi tunaiita gesi tu, na kutoka kwenye tangi bomba la chuma linapita ukutani mpaka chumbani kwangu kulinywesha pipa. Ufunguo wa chumba ninao mimi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Wananiita Mama Baridi, na wapo wanaosema, wakidhani sisikii, kwamba jina hilo halihusiani na kazi.

Tangi lina geji, lakini geji hiyo iligoma zamani. Mshale umesimama kwenye nusu. Tangi likijaa, nusu. Likiisha, nusu. Tangu kabla sijaja hapa tunadanganywa na kitu kimoja. Kwa hiyo sisi wa kituo tunasoma bomba. Bomba lilikuwa limefungwa sponji ya njano, nayo ilipasukapasuka kwa baridi mpaka ikawa makombo, na juu yake ikaota barafu nyeupe. Barafu ikifika kiungo cha tatu cha bomba, tangi limeshiba. Ikirudi kiungo cha pili, unapigia simu gari la gesi. Ikibaki kiungo cha kwanza, unapiga simu huku unakimbia. Na chini ya bomba kuna ndoo ya kupokea maji yanayodondoka. Daktari wetu wa mifugo, mkuu wa kituo, mtu wa vyeti vitatu ukutani, akiingia asubuhi haniulizi nimeamkaje. Ananiuliza, "Bomba linasemaje?"

Bomba kavu niliwahi kuliona mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa msaidizi. Gari la gesi lilichelewa, bomba likakauka, na mirija mia nne ikaharibika. Mtunza chumba wa wakati ule aliondoka siku ileile na mkoba wake, hata kuaga hakuaga. Tangu hapo bomba kavu kwangu ni msiba.

Sasa nije kwa Bwana Harusi. Bwana Harusi alikuwa dume, tena dume hasa, mweusi mwenye paji jeupe, na alipewa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa akitembea, utadhani ukumbi mzima umesimama kumpokea. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Nikamlea mimi kwa chupa, nyuma ya ofisi, akinyonya hata vifungo vya koti langu. Alipokua, binti zake walitoa maziwa mpaka watu wakakosa vyombo. Akafa miaka mitatu iliyopita kwa kukabwa na kiazi. Dume la kilo mia tisa, kiazi! Mwaka mzima sikutia kiazi mdomoni.

Aliacha mirija sitini na miwili. Ya madume mengine ukiniomba nakupa, wao wapo hai, watatoa tena. Ya Bwana Harusi, thubutu! Wafugaji wamekuja na machozi, wamekuja na wakubwa wao, nikawaambia haitoki. Daktari ana mamlaka ya kuniamuru, ila naye ananiogopa kidogo, namshukuru Mungu. Mirija ile ndiyo yote iliyobaki ya yule ndama. Ikiharibika amekufa mara ya pili, na safari hii muuaji ni mimi.

Binti yangu aliponiletea habari za mchumba aliniambia ni mtaalamu wa vifaa. Nikadhani vifaa vya ujenzi, nikafurahi, maana paa la jikoni kwangu linavuja. Kumbe mtu anapika jeli. Jumapili moja, wameshaoana, akaja nyumbani na kipande cha kitu cheupe, kinene kama kidole, akakiweka mezani kati ya sahani. Nikakinyanyua. Hakina uzito. Nikamtazama binti yangu, naye akatazama dirishani.

"Mama," mkwe akaanza, na yeye akianza huwa hamalizi leo, "hii ni polima, jamaa ya plastiki. Tunaipika mpaka inaganda, inakuwa jeli, laini kama maziwa yaliyoganda. Halafu tunaondoa ule umajimaji polepole, kwa ujanja, bila jeli kusinyaa. Inayobaki ni mifupa yake tu na hewa iliyokwama kwenye vishimo vidogo visivyoonekana. Hewa iliyokwama haibebi joto. Zipo jeli za namna hii zinazokatika kama tosti, lakini hii yetu inakunjika. Hata kwenye baridi ya gesi yenu inakunjika."

"Kwa hiyo umepika uji, ukaukausha," nikasema.

"Tuseme hivyo, mama."

"Na uji huo unazuia baridi isitoke."

"Baridi haitoki, mama. Joto ndilo linaloingia."

"Ala! Miaka kumi na tisa mimi naona baridi inatoka kwa macho yangu, wewe wa juzi unaniambia joto linaingia?"

Binti yangu akasema chakula kinapoa. Mkwe akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema chakula hakipoi bali joto linatoka, akapigwa teke chini ya meza. Nililisikia lile teke, na nikaona kwamba binti yangu kalelewa vizuri.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Hayakuishia hapo. Mkwe alimwendea Daktari kwa mlango wa mbele, akamwambia bomba letu linapoteza gesi nyingi njiani, na kwamba kiwandani kwao wanatafuta mahali pa kujaribia blanketi lao la jeli kwa siku thelathini. Daktari, ambaye kila baada ya siku kumi na mbili analisubiri gari la gesi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, akakubali hapohapo. Nikaitwa ofisini kuambiwa. Hapo ndipo niliposema, mbele yao wote wawili, kwamba bomba la Bwana Harusi halifungwi na mpika uji. Nilisema. Halafu likafungwa.

Alikuja siku ileile gari la gesi lilipotujazia tangi, na roli za blanketi, mkasi, na utepe wa gundi. Akabandua sponji yote ya njano, akafagia makombo, akaviringisha tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kwenye viungo ambako sponji haijawahi kukaa sawa hata siku moja. Pale bomba linapopinda, blanketi nalo likapinda bila kulalamika. Mimi nilishika ncha ya roli kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine, nikakagua kila tabaka, na macho yangu yalimtoa jasho kuliko kazi yenyewe. Akamaliza kwa karatasi ya kung'aa juu, ya kuzuia unyevu. Kisha akafunga kwenye tangi kisanduku kidogo chenye tarakimu.

"Hiki kinakuonyesha gesi imebaki asilimia ngapi, mama."

"Ni geji?"

"Ni kama geji, lakini hiki..."

"Geji zote ni ndugu," nikamwambia, na alipoondoka nikakitundikia aproni yangu.

Siku ya kwanza barafu haikuota. Nikasema bomba limeshtuka, litazoea. Siku ya pili ndoo ilikuwa na maji kidogo, ya zamani. Siku ya tatu ilikuwa mapumziko. Siku ya nne nikafungua mlango asubuhi, nikawasha taa, nikatazama bomba. Kavu. Kiungo cha kwanza kikavu, cha pili kikavu, cha tatu kikavu. Nikaweka kiganja juu ya blanketi, hakuna baridi. Nikaweka shavu, hakuna. Nikaitazama ndoo, na ndani ya ndoo alikuwa anatembea mende, miguu mikavu.

Nikampigia simu Daktari. Alikuwa mkutanoni, akapokea kwa kunong'ona.

"Bomba linasemaje?"

"Halisemi, Daktari. Kavu."

"Na ndoo?"

"Ina mende."

Nikasikia kiti kimeanguka upande wa pili, na sauti ya kunong'ona ikaisha. "Mtoe Bwana Harusi! Mtoe sasa hivi! Mpeleke kituo cha wenzetu!"

Naomba mtu asinicheke peke yangu, basi. Yeye ana vyeti vitatu, na hakuuliza kisanduku kinasema nini. Dereva wa kituo, naye alipokuja mbio, kitu cha kwanza alichotazama ni bomba, akavua kofia. Sisi wote pale ni wasomaji wa kitabu kimoja.

Mpango ulikuwa rahisi. Tangi likiisha, pipa lenyewe lina akiba ya siku moja hivi. Mitungi yetu miwili ya safari ilikuwa vijijini na wapandishaji, wale wanaotia ng'ombe mimba kwa mrija, ukabaki wa tatu, wa Dereva, ambao kwa bahati tuliujaza siku mbili nyuma kwa safari iliyoahirishwa. Kituo cha wenzetu ni mwendo wa saa tatu. Nikavaa glavu na miwani, nikafungua pipa, mvuke ukafumka, nikamtoa Bwana Harusi. Mrija ukikaa hewani sekunde kumi, umekwisha. Vikombe viwili, kila kimoja na mirija thelathini na mmoja, na kila kimoja kilivuka kutoka pipani hadi mtungini kwa hesabu ya nne. Dereva akaupakia mtungi, akaondoka mbio.

Kisha, nikiwa sina la kufanya, nikafanya lile ninalolijua. Nikampigia mkwe.

"Njoo uchukue uji wako," nikasema, nikakata.

Alifika baada ya kama dakika arobaini na pikapu ya kiwanda, shati ameligeuza nje ndani kwa haraka. Nikampokea mlangoni na maneno ambayo siyarudii. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi, kisha akazunguka nyuma kwenye tangi, nami nikimfuata, akainua aproni yangu, akasoma. "Themanini na moja," akasema.

"Na ile nyingine inasema nusu. Nikuletee na ya tatu?"

Hakubishana. Alirudi nami chumbani, akashika koki ya pembeni mwa bomba, akaifungua kidogo tu. Gesi ikatoka kwa kishindo, nyeupe, nzito, ikamwagika sakafuni ikafunika viatu vyetu sote wawili. Akafunga. Siku ya nne baada ya gari la gesi kuja huwa tumeshapoteza theluthi.

"Barafu imekwenda wapi?" nikauliza.

"Barafu haikuwa gesi, mama. Ni unyevu wa hewa ya humu chumbani. Ulikuwa unagusa bomba la baridi unaganda. Sasa bomba limefunikwa, hewa haikutani nalo. Ukiona barafu nje, ujue joto limepata mlango."

"Kwa hiyo miaka kumi na tisa nilikuwa nasoma hasara."

Akafikiri. "Ulikuwa unaisoma vizuri sana, mama."

Sikujua nicheke au nimpige. Aibu ilinishika, sitaficha, lakini aibu haiui. Bwana Harusi alikuwa salama, kilichohitajika ni Dereva ageuze gari na kumrudisha nyumbani kwake, pipani. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu ili mkwe naye asikie jinsi mtu mzima anavyorekebisha kosa lake.

"Mama Baridi!" Dereva alikuwa na furaha. "Usiwe na wasiwasi kabisa! Nimesimama kidogo, injini imechemka, lakini mtungi, lo, laiti ungeuona! Umeota barafu kuanzia shingoni mpaka tumboni. Mweupe wote! Tangu nianze kazi sijauona umependeza hivi."

"Asante Mungu," nikasema.

Neno lilikuwa bado mdomoni nilipomwona mkwe anakaa polepole juu ya ndoo. Na mimi nikasikia tena kile nilichoambiwa dakika moja iliyopita, kwamba barafu nje maana yake joto limepata mlango. Mtungi wa safari una kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa yote, ndiyo maana nje huwa mkavu. Ukiwa mweupe nje, umepasuka mahali, na huu ulitoka hapa mkavu, basi umepasukia njiani.

"Dereva," nikasema kwa upole ambao ulimtisha, "mtungi huo umeangushwa?"

"Haujaangushwa hata siku moja! Naulinda kama mboni. Hata wakati wa kula nauweka karibu, naukalia."

"Unaukalia."

"Ni kimo kizuri sana, mama."

Mkwe alikuwa ameshapiga hesabu kwa vidole. Mtungi uliovuja hivyo humaliza gesi ndani ya saa mbili na kitu. Dereva alikuwa ameondoka zaidi ya saa moja iliyopita. Gari lake limechemka, halitembei. Gesi ikiisha mtungini, Bwana Harusi anayeyuka barabarani, ndani ya mtungi mzuri mweupe, huku watu wanamsifu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sikupiga kelele. Nilisema, "Mwanangu, tufanyeje?"

"Tumpelekee gesi."

"Kwa chombo gani? Mitungi yote iko vijijini."

Akaangaza macho chumbani, akaona sufuria yangu ya kupashia chakula cha mchana. Sufuria ya kawaida ya alumini, yenye mfuniko uliopinda. Mimi nikaona anatania. Yeye alikuwa ameshachukua vipande vya blanketi vilivyobaki, anaviringisha sufuria tabaka juu ya tabaka, chini, pembeni, mfuniko, mpaka sufuria ya lita sita ikawa na kiuno cha mama wa watoto kumi. Akafunga kwa utepe wa gundi. Nikafungua koki, tukajaza. Mfuniko akauacha umelegea, kwa sababu gesi ikifungiwa kabisa inalipua chombo. Na kwa sababu mvuke wake ukijaa kwenye gari lililofungwa unafukuza hewa na watu wanalala wasiamke, sufuria haikuweza kukaa mbele. Ilibidi ikae nyuma ya pikapu, kwenye uwazi, na mtu wa kuishika.

Kwa hiyo mimi, mama mkwe wa mtu, nilipanda nyuma ya pikapu na miwani ya plastiki usoni na glavu mpaka viwikoni, nikakaa juu ya tairi la akiba, nikapakata sufuria.

Mkwe ni mtu mwangalifu. Anaendesha gari hivyohivyo. Baada ya dakika tano nikagonga paa.

"Ongeza!"

Akatoa kichwa dirishani. "Gesi itamwagika, mama!"

"Nimwage mimi, gesi usiimwage! Ongeza!"

Akaongeza. Barabara ile ina mashimo ambayo nayajua kwa majina, na kila shimo lilipotunyanyua mimi na sufuria, nilisubiri kusikia lile blanketi linavunjika, kama sponji ilivyokuwa ikivunjika kwa kuguswa tu. Halikuvunjika. Lilijikunja tumboni kwangu, likarudi. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kuua kidole kwa mguso mmoja, na mapajani kwangu hapakuwa na baridi hata ya kushtua mtoto. Mvuke mdogo tu ulikuwa unatoka mfunikoni. Nilikaza mikono. Nilisema, na bahati nzuri upepo ulichukua maneno, kwamba huyu kijana anajua kupika.

Tulimkuta Dereva baada ya zaidi ya nusu saa, kando ya barabara, mbele ya meza za matunda. Boneti iko wazi, injini inafuka moshi, na nyuma ya gari, kivulini, mtungi mweupe kama keki. Kundi la watu lilikuwa limeuzunguka. Wauza matunda walikuwa wameegemeza chupa zao za maji kwenye mtungi zipate ubaridi, na mama mmoja alikuwa anakwangua barafu na kujipaka shingoni. Dereva alisimama katikati yao, mwenye mtungi, anaeleza.

"Ondokeni!" Nilishuka hata gari halijasimama. "Ondokeni hapo, mnamuua!"

Wakatawanyika, wakaacha chupa. Nikafungua mtungi, nikazamisha fimbo yangu ya kupimia, nikahesabu, nikaitoa. Sehemu iliyogusa gesi hutoka nyeupe. Ilikuwa nyeupe vidole viwili tu. Vidole viwili vya gesi chini kabisa, na mirija imesimama humo, miguu ndani na vichwa nje. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele ya wote, sikujali. Nilimwona yule ndama nyuma ya ofisi, ananyonya kifungo.

"Mama," mkwe akasema karibu na sikio langu, "lia baadaye. Mimina."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamimina. Gesi ilitoka kwenye sufuria ya chakula changu cha mchana ikiwa bado imejaa robo tatu, ikaingia mtungini, ikachemka na kunguruma, kisha ikatulia. Nikapima tena. Fimbo ilitoka nyeupe hadi katikati. Tukaufunga mtungi kwa blanketi lote tulilolibandua kwenye sufuria, na utepe ulipoisha nikavua kitambaa changu cha kichwa nikakazia. Dereva alitaka kusaidia. Nilimtazama tu, akaenda kukaa chini, kwenye ardhi.

Tuliporudi kwa pikapu, mimi na Dereva nyuma na mtungi, Daktari alikuwa mlangoni na tai imegeukia begani. Tukarudisha vikombe pipani kwa hesabu ya nne na ya nne. Swali lilikuwa moja na hakuna aliyetaka kulitamka. Mbegu iliyopata joto haibadiliki sura. Mrija mzima na mrija mfu ni pacha. Njia ya kujua ni moja tu, uyeyushe mmoja kwenye maji ya vuguvugu na utazame kwa hadubini kama wanaogelea. Na ukishauyeyusha haurudi.

"Ni uamuzi wako," Daktari akaniambia. Mkubwa wangu, mwenye vyeti vitatu.

Nikautoa mmoja, wa pembeni, uliokuwa juu zaidi. Nikautia kwenye maji, nikahesabu sekunde arobaini, nikaufuta, nikatoa tone moja juu ya kioo. Nikaliweka chini ya hadubini. Miaka kumi na tisa nimetazama matone, hilo sikuweza.

"Tazama wewe," nikamwambia mkwe.

"Mimi sijui kinachotakiwa kuonekana, mama."

"Tazama!"

Akainama. Akarekebisha jicho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Kuna vitu vidogo," akasema.

"Vinafanya nini?"

"Vinakimbia."

"Vyote?"

"Vingine vimelala. Lakini vingi vinakimbia, mama. Vinagongana. Vina haraka kweli, sijui vinakwenda wapi."

Daktari akamsukuma, akatazama, akapiga meza ngumi. Mimi nikakaa juu ya ile ndoo kavu, nikacheka huku machozi yanaingia mdomoni. Miaka mitatu amekufa na bado ana haraka!

"Saa," Daktari akasema ghafla. "Mrija umefunguliwa. Una robo saa, kisha ni wa kutupa."

Kutupa Bwana Harusi? Zizi la kituo lina majike wanne wa mafunzo, na mmoja, yule mwekundu, alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume, tangu asubuhi, anampigia kelele kila anayepita. Tukakimbia wote, Daktari na kifaa chake cha kupandishia, mimi na mrija kifuani chini ya nguo usipoe, mkwe nyuma yetu akiuliza kama na mrija nao tuufunge blanketi. Nilimpandisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Jike hakusogea hata hatua.

Nilipomaliza, Daktari alikuwa ameshafungua daftari. "Imebaki sitini na mmoja," akasema. "Tufunge pipa, turudi kama zamani?"

Nilikuwa nanawa mikono kwenye bomba la maji. Nilimtazama yule jike, anatafuna, hana habari. Miaka mitatu nilikuwa nimemweka Bwana Harusi salama kabisa, nikamlinda na kila mtu, na katika miaka hiyo mitatu hakuzaliwa ndama wake hata mmoja. Hilo sikuwahi kulisema kwa sauti, na sikulisema hata pale. Niligeuka nikawauliza nani mwingine ana jike kwenye joto.

Kisha Dereva, aliyekuwa ameegemea mlango wa zizi, akanyoosha mkono polepole.

"Nenda kamlete," nikamwambia.